Bwana Harusi wa Manjano

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Msiba! Saud, jirani yangu hapa Nguvumali, kashusha mashine kutoka Dubai. Inasafisha picha za rangi kabla kahawa yako haijapoa. Mtaa mzima uko kwake. Nami Jaku, fundi wa chumba cha giza tangu enzi za foleni za sukari, nafukuza nzi. Nimemwambia mke wangu Mize kwamba picha ya mashine haina roho. Kasema watu hawapigi picha roho zao, wanapiga nguo zao.

Jumanne, 2 Agosti
Kaja Bi Khairiya. Binti yake Tuhfa anaolewa Ijumaa. Kauliza kama natoa picha za rangi, la sivyo anakwenda kwa Saud. Natoa! nikasema. Mikanda yangu yote ni ya nyeusi na nyeupe. Lakini brashi ninayo, na jikoni mna manjano, hina na rangi ya biriani. Kwani rangi ni nini?

Ijumaa, 5 Agosti
Harusi imefana. Nimepiga kila mtu, hata bibi yake Tuhfa akicheka huku kashika mbavu. Saud naye alialikwa. Aliniuliza natumia mkanda gani. Nikajitia kikohozi.

Jumamosi, 6 Agosti
Nimeshinda chini ya taa nyekundu. Unatumbukiza karatasi tupu kwenye dawa, linatokea jicho, kisha tabasamu. Miaka yote hii, na bado hucheka peke yangu kama mwehu. Uso wa bibi yake Tuhfa ulitoka mweusi tii. Nikarudia, nikiukinga mwanga kwa kiganja, hadi kila kunyanzi likacheka.
Halafu rangi. Manjano yamemkaa vizuri bwana harusi. Vizuri mno! Shela imelowa hina. Manjano yameisha kabla sijamfikia bibi. Mize kapita, kauliza nani anapika.

Jumapili, 7 Agosti
Fedheha! Nimezipeleka picha kwa Bi Khairiya. Kamtazama mkwewe pichani, kaniuliza ini lilianza kumsumbua lini. Tuhfa kainusa picha, kapiga chafya. Saud, aliyekuja makusudi kushuhudia, kacheka hadi kofia ikadondoka. Nikaanza kutafuta mlango.
Bibi akataka yake. Nikampa, nikiomba radhi kwamba haina rangi. Aliipokea, akaisogeza dirishani.
“Huyu ndiye mimi,” akasema. “Nilikuwa sijamwona tangu nizeeke.”
Tuhfa akalia, akacheka, akataka zote zisafishwe upya namna hiyo, bila kiungo hata kimoja. Mama yake naye akaagiza ya kwake. Saud kaninong'oneza: mama yake mzee, je, nitampiga hivyo hivyo? Nimerudi nyumbani nikiruka kama mwanambuzi.

Jumatano, 10 Agosti
Wazee wanakuja hata kutoka Maramba! Mize kasema sasa nimeona: nifanye ninalolijua, nisiahidi nisichokuwa nacho. Nimemwafiki kabisa.
Mchana kaja bwana mmoja wa Moa, anataka harusi yake ipigwe video. Nimekubali. Kamera ya video sina. Lakini nina sanduku la redio mbovu, na ukilibeba begani na kufumba jicho moja, nani atajua?
Tundu la lenzi nimeshalitoboa.