Nyonga ya Mama Mkwe kwa Pande Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mama mkwe kateleza bafuni kwa shemeji, kaletwa hapa hapa kazini kwangu, chumba cha picha hospitalini. Eksirei inaonyesha ufa mdogo kwenye nyonga, mfupa haujasogea. Daktari wa mifupa kasema apumzike nyumbani wiki sita. Nyumbani kwa nani? Shemeji kasema kwake kuna ngazi. Mke wangu akanitazama. Kiti changu cha mbele ya televisheni! Wiki sita!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Mfupa ukionekana umesogea, mgonjwa analazwa. Nikamwambia daktari eksirei ni picha bapa, haioni nyuma. Tumpige ya pande tatu. Akasema namsumbua. Nikamsumbua mara nne zaidi, akakubali. Mke wangu kalia kwa furaha, eti hakujua nampenda mama yake hivyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 6 Machi
Aibu gani hii! Mashine ya pande tatu tunaiweza wawili tu, na mwenzangu yuko likizo. Yaani mimi nitazame nyonga ya mkwe wangu! Nikawa naizungusha picha kwenye kompyuta jicho moja nimelifumba. Mama mkwe akauliza kutoka ndani ya mashine kama nimeshaona kila kitu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamjibu, hapana mama, mifupa tu.

Nikageuza upande wa nyuma. Macho yote mawili yakafumbuka yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja kimeanguka nyuma, kimeachana na shingo yake. Kweli kabisa! Daktari akakuna kipara, akasema tungemrudisha nyumbani mguu ungekwisha. Kesho upasuaji. Ushindi!

Ijumaa, 8 Machi
Kawekewa nyonga ya chuma. Leo kasimama! Daktari kamwambia mbele ya wodi nzima kwamba aliyeuokoa mguu wake ni mkwewe. Akanishika mkono, akalia. Nami nikalia kidogo, sijui kwa nini. Kisha akatangaza kwamba kwa shemeji harudi tena. Anahamia kwangu. Si wiki sita. Moja kwa moja.

Jumatatu, 18 Machi
Yuko kwenye kiti changu. Rimoti iko mfukoni mwake. Mimi nakalia ndoo.

Lakini safari hii mpango wangu hauna dosari. Tangu asubuhi nachechemea. Daktari kanipiga eksirei, kasema nyonga yangu ni nzima kabisa. Nikamkumbusha kwamba eksirei ni picha bapa. Kitanda namba tisa wodini kiko wazi, na kinatazamana na televisheni.