Samaki Atakayeitwa Sifuna

Jumatatu, 7 Julai 2025. Kanduyi.
Nimeamua. Samaki wa kale aliyegandamana na jiwe, yule tuliyemwokota Turkana katika safari ya kanisa, atapewa jina langu. Miaka yote ya ualimu haijaniachia hata kibao mlangoni. Daktari Edinah, mtafiti anayemchunguza, amenieleza kwa simu: jina la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi, na hili la pili laweza kuwa la kumkumbuka mtu. Anayechapisha maelezo ndiye hutoa jina. Kujipa mwenyewe ni utovu wa adabu. Vyema. Atanipa yeye.

Jumatano, 9 Julai. Kitale.
Nimempelekea daktari jogoo. Mlangoni nikamkuta Waithaka, mwenzangu wa safari, na gunia la viazi. Nikamkumbusha kuwa sayansi hainunuliwi. Akaniuliza kama jogoo amekuja kusoma. Daktari amezirudisha zawadi zote.

Ijumaa, 11 Julai.
Ushindi. Kwa kuwa mimi ndimi niliyeliona jiwe kwanza, daktari ataandika "sifunai", yaani Sifuna kwa umbo la Kilatini. Jina likishachapishwa, halibadilishwi. Ameomba ninyamaze hadi siku hiyo.

Jumapili, 13 Julai.
Nimetangaza kanisani. Kwa ufupi tu, kabla na baada ya mahubiri.

Jumatatu, 14 Julai.
Nimeamshwa na kilio. Dada yangu Phelista amefika kutoka Mabanga na jamaa tele. Kwetu mtoto huitwa jina la aliyekufa, si la aliye hai. Waliposikia kuna kiumbe kimeitwa Sifuna, wakajua nimekwenda. Nimetoka nje kuwasahihisha. Phelista akapangusa machozi: "Na hema tumeshakodi, bana. Si ungekufa kwanza, kama watu?"
Waithaka naye amefika kunizika. Akawaeleza kwamba kwao babu humbeba mjukuu aliyeitwa jina lake, na hakuna anayelia. Nikamshukuru. Kisha akajitenga, akampigia daktari kumweleza jinsi familia ilivyoumia.

Jumanne, 15 Julai.
Daktari hataki jina linaloliza nyumba ya watu. Samaki ataitwa kwa jina la lile bonde alimookotwa.

Ijumaa, 18 Julai.
Ndani ya jiwe lile lile kumeonekana samaki wa pili, mdogo, wa spishi nyingine. Daktari hajaamua jina. Kosa langu nimelitambua: nilitangaza kwa kuchelewa. Jumapili hii nitaanzia Mabanga kwenyewe, ili wapate muda wa kuzoea.