Kitu Cheupe Ukutani Kimeniita Jina

Jamani, leo nimeaibika. Saa nane mchana, ndani ya giza nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe! Nawaandikia kutoka ile intaneti mpya ya hapa Bariadi, karibu na stendi, nimejikunyata kwenye kona maana hata mwenye duka ameshasikia. Ninyi mliohamia Mwanza, bora mlisikie kwangu kabla Nkwimba hajawapigia simu.

Mnamkumbuka Mwalimu Kulwa wa fizikia. Wiki iliyopita aliniita ofisini, amenyong'onyea.

"Masunga, kidato cha pili wengi wanataka kuiacha fizikia mwakani. Wakibaki wachache, mkuu analifuta darasa. Chagua mada moja uwawasilishie wenzako. Iwe ya kuwaamsha."

Mimi nataka kuwa fundi mitambo. Bila fizikia naenda wapi? Nikamwuliza Nkwimba, tunayekaa naye dawati moja, nichague nini.

"Ukituletea nyenzo na egemeo, nalala," akasema. "Hapa watu wanataka habari za kile kitu tu."

Kile kitu! Muhula mzima bwenini ni hadithi hiyo: kuna kitu cheupe kinapita nyuma ya madarasa, kichwa chini, miguu juu. Aliyekiona hamna. Anayemjua aliyekiona, wamejaa tele. (Mimi nilikuwa nawacheka. Naomba mlikumbuke hilo.)

Hapo hapo nikapata mada: mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Unafunga darasa hadi liwe giza, unaacha tundu moja dogo dirishani, na watu wanaopita nje wanatokea ukutani miguu juu. Wenzangu wakiona mwanga wenyewe unavyoweza kumpindua mtu, wataacha woga na kuipenda fizikia. Nilijiona nina akili kweli.

Basi leo tumeziba madirisha ya mbao kwa mablanketi ya bwenini, na mlangoni tukatundika mengine. Likabaki tundu la upana wa kidole upande wa barabarani. Darasa zima likaugeukia ukuta mweupe. Mwalimu akaturuhusu kuongea Kiswahili, leo tu.

Nilieleza vizuri, jamani! Mwanga wa juu unaingia unashuka, wa chini unaingia unapanda. "Kwa hiyo mkiona mtu miguu juu, msishtuke. Ni sayansi." Sauti nzito, kama mgeni rasmi.

Kisha tukanyamaza, macho yazoee giza. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu ukuta ukaanza kupauka polepole, na barabara ikatokea, iko juu kabisa karibu na dari. Anga likawa chini, miguuni petu. Mti ukaning'inia kutoka juu. Mbuzi akapita akitembea darini, taratibu, kwato hazisikiki. Mtu wa nyuma akaanza kusali kwa kunong'ona. Nilijua kila kitu kinavyotokea, na bado mwili ulinisisimka.

Ndipo kikaja.

Kilitokea pembeni mwa ukuta, hakina haraka. Miguu miwili inaikanyaga dari. Chini ya miguu, mwili mweusi. Na chini ya mwili, pale kichwa kinapotakiwa kuwa, hakuna kichwa. Kuna kitu cheupe, kikubwa kuliko mtu, kinatikisika.

Nkwimba akanishika mkono, vidole vyake vya baridi. "Masunga. Ndicho."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Msishtuke, ni sayansi." Nikafungua mdomo niseme hivyo. Kilichotoka ni:

"Mayu! Mayu wane weee!"

(Ndiyo. Nilimwita mama. Na ndevu zimeshaanza kuota.)

Kile kitu kikasimama. Kikageuka kutuelekea.

"Masunga?" kikauliza.

Kilikuwa na sauti ya mama yangu mzazi.

"Masunga, ng'wanawane! Nakuja!"

Ule weupe ukakitoka, ukaanguka kwenda juu, ukapasukia darini. Miguu ikaanza kukimbia. Kadiri inavyokimbia, inakua. Ikajaa ukuta mzima, hatuoni tena barabara wala anga, kisha giza, kitu kimeziba tundu. Na dirisha likaanza kugongwa, du! du! du!, kwa nguvu.

"Wamekufanya nini humo, mwanangu?"

Sikumbuki nilivyoruka madawati. Wenzangu wanasema waliokaa mlangoni kabisa niliwapita. Nikatoka nje na blanketi kichwani, nikakata kona, nikagongana na mama, tukaanguka wote.

Mnajua kampuni za kununua pamba zilivyojaa siku hizi. Moja imeweka mzani wake ng'ambo ya uwanja wetu. Gari letu la ng'ombe limevunjika gurudumu, kwa hiyo mama kavaa kaniki yake nyeusi, kafunga pamba kwenye shuka jeupe, kajitwika. Anapita zake, anasikia mwanawe analia ndani ya chumba kilichofungwa.

"Mwadila, mayu," Mwalimu Kulwa akamsalimia, anafuta jasho.

"Mwadila, mwalimu. Huyu kaniita, nimeitika! Pamba nimeitupa barabarani, nimekuja mbio. Akanikimbia!"

Darasa zima lilicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze. Tukainama wote kuokota pamba kwenye vumbi, maana mnunuzi haitaki yenye mchanga. Tukiwa tunaokota, mwalimu akauliza nani mwakani anaendelea na fizikia. Mikono ikapanda, pamba ikiwa viganjani, kuanzia wa Nkwimba.

Darasa limepona! Nikasahau aibu yote, na mimi nikanyoosha mkono.

Mama akaushusha.

"Wengine wasome. Wangu hasomi kitu cha kumfanya amkimbie mama yake."

Nimemweleza njia nzima nikimsindikiza mpaka nyumbani. Mama, ni mwanga tu. Unasafiri kwa mstari mnyoofu. Mama, hakuna cha kuogopa. Ananisikiliza vizuri, halafu ananiuliza swali moja, na ninaomba mwenye jibu anitumie leo hii, bila kucheka: "Sasa kama ulijua, ulikuwa unamlilia nani?"