Malalamiko Kuhusu Kuchukuliwa kwa Runinga Yangu Iliyokufa

Kwa Bi. Rhoda,
Mwenyekiti wa Kikundi cha Mazingira,
Mollo, Sumbawanga.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini baridi ya huku juu haijakusumbua. Mimi ni mzima wa mwili, ila nyumba yangu imeporwa.

Juzi, nikiwa shambani navuna ulezi, vijana wako walifika kwangu na bajaji ya mizigo wakiomba taka za umeme. Mke wangu Stefania akawakabidhi kila kitu huku akicheka, na togwa akawapa. Niliporudi kuuliza, akanijibu, "Baba Calvin, runinga ile ni marehemu. Nimekusaidia kuzika." Basi nalalamika hivi:

1. Runinga yangu ya chogo haikuwa imeonyesha picha tangu mwanangu Calvin alipoanza shule, na sasa Calvin ana watoto. Lakini mgeni akiingia sebuleni alijua amefika kwa mtu. Leo anaona ukuta, na ukuta wenyewe una nyufa.

2. Friji bovu ndilo lililokuwa ghala la mbegu zangu. Panya wa Mollo wanajua kutoboa gunia, hawajui kufungua friji. Sasa mbegu zimo kwenye beseni. Nashuku panya ndio waliowaalika vijana wako.

3. Mnasema betri za redio zina sumu, zisitupwe chooni. Mimi nimezitupa humo maisha yangu yote. Maji ya kisima yana ladha ya chuma kidogo, nakiri, lakini si tunaambiwa madini yanajenga mwili?

4. Mmekataza watu kuchoma nyaya ili wapate shaba. Jirani yangu Zenon anachoma kila Jumamosi, na moshi wake umefukuza mbu wote. Mkewe naye amehama, anasema kifua kinambana. Mtamlaumu Zenon kwa kifua cha mtu mwingine?

5. Sheria inaniruhusu kuzikwa kwenye ardhi yangu. Kwa nini runinga yangu isizikwe humohumo, pale karibu na kisima, badala ya kupelekwa kwa wageni ikafunguliwe tumbo?

Naomba vyote virudishwe, na kata nzima iachiwe uhuru wa kuugua kwa vitu vyake yenyewe.

Wasalimie vijana wako, hasa yule aliyebeba friji mgongoni. Wasalimie na wanakwaya wenzako wote.

Ni mimi, mwananchi mtiifu niliyebaki na viti tu,
Abeli

Nyongeza: Simu mbovu niliyoificha chini ya godoro ili vijana wako wasiichukue ilivimba, na leo imewaka moto. Stefania na wajukuu wametoka salama, godoro halikutoka. Mistari hii naiandikia nyumbani kwa shemeji Valeria, tulikokimbilia. Kabatini kwangu mna simu nyingine mbili, nazo niliziona zimeanza kunenepa. Njooni sasa hivi. Msibishe hodi.