Ombi la Kurudishiwa Giza la Harusi Yangu

Ndugu Fundi wa Video,

Tangu nilipooa nimeficha jambo moja: video ya harusi yetu ilipotoka nyeusi, nilifurahi. Ndugu zangu walimlaumu mpiga picha kwa kuelekeza kamera kwenye mlango uliojaa jua, watu wote wakawa vivuli. Nami nilimlaumu kwa mdomo, moyoni nikamwombea maisha marefu.

Sasa mjukuu wangu amekuletea kanda hiyo. Bila kuniuliza, umeongeza mwanga, ukapambanua weusi na weupe, hadi vivuli vimepata sura. Kazi yako ni nzuri sana. Ndiyo maana nalalamika, kama ifuatavyo:

1. Shemeji yangu, marehemu, aliapa hadi mwisho kwamba hakugusa soda za meza kuu. Kwa juhudi zako, sasa anaonekana na chupa mbili ndani ya koti. Hana tena namna ya kujitetea.

2. Ulipozidisha mwanga, keki imegeuka weupe mtupu na ukuta umejaa chenga. Mkono wangu, hata hivyo, umebaki safi kabisa. Ningeshukuru kama ungeharibu mkono ukaiacha keki.

3. Mkono huo, kama ulivyoona, umemshika shangazi wa bibi harusi. Bibi harusi mwenyewe yuko nyuma yake. Nimempokea shangazi kwa tabasamu pana, hata nimeanza kuondoka naye. Mjukuu ameniuliza, "Babu, kwani siku hiyo ulikuwa unaoa wangapi?" Nimemjibu kwamba ile ni heshima kwa wakwe. Amecheka mpaka akakaa chini.

4. Mke wangu bado hajaiona. Miaka yote huwasimulia watoto kwamba alipoingia tu, macho yangu yalimganda yeye peke yake. Nami huitikia kwa kichwa. Jumapili wote wanakuja kuitazama. Kifua changu kimechoka, na daktari haniambii tena nirudi lini. Sina muda wa kutosha wa kununiwa.

Kwa hiyo naomba unirudishie giza langu. Lote likishindikana, mtie giza shangazi peke yake. Na itungwe sheria kwamba harusi yoyote isiongezwe mwanga kabla bwana harusi hajazikwa.

Wasalimie wote hapo studio, hasa yule binti wa mapokezi aliyenipisha kiti tulipokuja na mjukuu kuichukua kanda.

Wako mwenye kuhitaji kivuli,
Bwana harusi

Nyongeza: Usiguse kitu. Mchana huu nimeitazama tena, peke yangu. Nyuma ya shangazi, mke wangu ameinua shela kwa kidole kimoja, anatutazama tunavyoondoka, na anacheka huku amejiziba mdomo. Kumbe alijua siku ile ile, akaamua kunisitiri kwa hadithi yake. Na alikuwa amependeza jamani, Fundi. Jumapili nitamwambia mwenyewe, mbele ya watoto: nilivua miwani ili nionekane kijana, na yeye sikumwona kabisa.