Mlango Usiopitisha Maji

Jumatatu, 7 Julai

Mawingu tu leo, hata tone halijadondoka, na bado Gudrun ameshinda dirishani. Toka mafuriko ya mwaka juzi mke wangu hana imani na wingu lolote. Mvua ikinyesha haendi kitandani. Anakaa kwenye ngazi, viatu miguuni, mkoba mapajani, anasikiliza. Nilimwambia akalale, mimi nipo. Akasema hata mwaka juzi nilikuwepo.

Jioni, tukila mkate na soseji, akatoa kauli yake. Chumba cha chini ya nyumba kikiingia maji tena, anahamia kwa dada yake Irmgard, kule kilimani. Hakupaza sauti. Angefoka ningefurahi, maana hasira hupoa. Ndoa yote hii, halafu hatima yake iwe mikononi mwa kijito ambacho hata mbuzi anakiruka!

Nimeshapata dawa, nayo ni mlango mpya wa nje wa chumba hicho, usiopitisha maji.

Jumanne, 8 Julai

Gudrun hataki mlango, anataka fundi. Anadai mwaka juzi maji hayakupitia mlangoni. Yalipanda kutoka lile tundu la sakafuni la kutolea maji, kwa sababu bomba la mtaa lilifurika na kuyarudisha. Maji hayapigi hodi, anasema. Basi kamwita Ottmar, fundi bomba, aje Ijumaa atie kifaa cha kuyazuia yasirudi.

Tatizo ni kwamba tundu lenyewe liko chini ya kaunta yangu ya bia. Mbao za mwaloni, nimeiranda kwa mikono yangu majira mawili ya baridi mfululizo baada ya ile ya kwanza kuelea na kuondoka. Ottmar akija, msumeno. Sikubali.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia Ottmar simu kutoka kibanda cha bustani. Nikamwambia asihangaike, mambo yameshatengenezwa. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Watu wa mabomba bwana, kazi wanaililia.

Gudrun nimemwambia Ottmar kashikwa na mgongo. Akamsikitikia, akaoka keki ya cheri ampelekee. Nikajitolea kuipeleka mimi. Nimeila ndani ya gari, nyuma ya kanisa, nusu kwa woga na nusu kwa utamu. Sasa tumbo linauma.

Mlango umefika. Chuma kitupu, mpira pande zote, wanaume wanne kuubeba. Jirani yangu Kropp alikuwa akichungulia juu ya ua. Mwalimu mstaafu huyu, kila asubuhi lazima anitangazie mvua ilivyopimwa kwenye kopo lake, kama vile kaitengeneza yeye. Akauliza kama nimeamua kufungua benki. Nikamuuliza yeye amejiandaa vipi. Akasema amehamisha kila kitu juu na kuacha milango wazi. Maji yakija, anayapisha. Mwoga! Mtu mzima na nyumba yake, anayapisha maji!

Ijumaa, 11 Julai

Mkutano wa kijiji kuhusu hali ya hewa. Saa tatu nzima kwenye viti vya plastiki. Mmoja alilaumu wakulima wa mahindi, mwingine magari, mwingine Wachina. Kropp akasimama kueleza kwamba dunia ikipata joto hewa hubeba maji mengi zaidi, na siku moja huyatua yote kwa mkupuo. Nadhani kila mtu alikuwa anaona tope lake la mwaka juzi. Ikabidi mwenyekiti aharakishe, tukaunda kamati ya kukubaliana mvua ipi iitwe kubwa.

Tukirudi nyumbani Gudrun akanishika mkono, jambo ambalo hafanyi barabarani. Akasema anaogopa, na kwamba kuogopa kumemchosha. Nilitaka kumwambia habari za Ottmar. Badala yake nikamwambia juu ya ule mpira wa mlangoni, unavyobana.

Jumamosi, 12 Julai

Jaribio! Nimeumwagia mlango maji kwa mpira wa bustani nusu saa nzima, huku Gudrun amekaa ndani. Hata unyevu haukupita. Alitoka akitabasamu, mara ya kwanza mwezi huu. Akashusha mitungi yake yote ya kioo ya matango ya siki na jamu kutoka chumba cha kulala, akaipanga chini tena, kila mmoja akiufuta vumbi. Akashusha na kitambaa cha meza alichodarizi mama yake, kisije kupauka juani. Niliona kifua kinabana, nikajiambia ni ile keki.

Kropp akanigombeza juu ya ua kwamba ukame wa Juni haujaisha na mimi namwaga maji ukutani. Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, 13 Julai

Ilianza tukiwa tunakula mchana. Simu zote mbili zikalia kwa pamoja, ule mlio wa tahadhari, na viazi bado viko mdomoni. Mvua haikunyesha, iliporomoka. Kijito kikapanda hadi kizingiti cha mlango wangu na hapo kikakwama. Nilimwita Gudrun aje ashuhudie. Nilikuwa nacheka.

Yeye alikuwa anasikiliza. Akasema kuna kitu kinagonga chini. Nilipofungua mlango wa ngazi niliona mitungi ya matango ikielea, inagongana taratibu. Maji yalikuwa yamepanda kutoka tunduni, meusi, yananuka, na kwa vile mlango wangu haupitishi maji, hayakuwa na pa kutokea. Ya Kropp yaliingia yakatoka kama wageni wenye adabu. Ya kwangu yamelala.

Gudrun alikaa kwenye ngazi yake. Hakulia.

Jumatatu, 14 Julai

Wazima moto wa kujitolea wamekuja na pampu. Mlango umewashinda, ikabidi waukate. Na nani aliyeshika mashine ya kukatia? Ottmar. Gudrun akamletea kahawa na kumpa pole ya mgongo. Ottmar akasema mgongo wake mzima kabisa, yeye angekuja Ijumaa kama mumewe Hartmut asingempigia simu kumzuia.

Gudrun akanitazama. Nikaanza kueleza habari za kaunta. Akaniambia nisiseme. Kile kitambaa alikikuta kimeganda kwenye mguu wa kaunta, hakina rangi tena. Kaunta yenyewe haijapata hata mkwaruzo. Jioni Irmgard akaja na gari. Nilisaidia kubeba masanduku. Hakuna aliyeniambia niyaache.

Ijumaa, 18 Julai

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekula matango kutoka mtungi mmoja uliosalimika, nimesimama.

Gudrun amepiga simu. Kasema hanidai maelezo. Haitaki nyumba tena, lakini mimi bado ananitaka, na kwa Irmgard kuna chumba cha wawili. Nikamwambia nakuja, namalizia kazi kidogo.

Kazi yenyewe ni kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Lile tundu nimelijaza saruji. Ndoo sita, nikakandamiza kwa miguu. Ottmar alipita akasema maji ya chini ya ardhi yakikosa pa kutokea yataibeba sakafu nzima na nyumba juu yake. Anatafuta kazi, namjua. Redio inatabiri mvua kubwa Alhamisi. Safi sana, ndiyo nafasi ya kumwonyesha.

Nikamwambia Gudrun asifungue masanduku, wiki ijayo atakuwa nyumbani. Akasema ameshayafungua, na upande wa pili wa kabati ameuacha mtupu kwa ajili yangu.

Masikini, hajui saruji hii inavyokauka upesi.