Mafuriko ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kifungu alifika kijiweni amekumbatia karatasi, na hata salamu hakutoa. Yeye ni karani mstaafu, mtu asiyeweza kuomba sukari bila kutaja kifungu na kifungu kidogo. Alizitua karatasi kwenye benchi, katikati ya Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na jiko la kahawa, na Kilo ya Chumvi, ambaye kazi yake hatujawahi kuijua ila jina linajieleza.

"Rasimu imetoka," alisema. "Mkakati wa mkoa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ukurasa wa thelathini na moja, someni."

"Soma wewe," Kinyozi akamjibu. "Macho yangu nayatunzia vichwa vya watu."

Kifungu akakohoa. "'Katika mafuriko ya mwaka jana, maji kwenye kona ya kahawa yalifika kwenye kibao cha kinyozi, mita mbili na nusu. Mkazi mmoja aliokolewa akielea juu ya mlango wa choo akiwa na mbuzi wawili.'"

Tukamgeukia Kilo.

"Watatu," alisema. "Wamenipunguzia mbuzi."

Hapo nikakumbuka. Mwezi uliopita walipita mabinti wawili wa ofisi ya mkoa, wanakusanya maoni ya wananchi. Wakauliza kuhusu mvua, sisi tukajua ni soga kama kawaida. Kilo akawapa nusu saa nzima. Kinyozi akaapa kwamba aliona kwa macho yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza mamba.

"Mamba yumo?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Kiambatisho cha pili. 'Athari kwa wanyamapori.'"

Tulicheka mpaka Kinyozi akamwaga kahawa kwenye suruali. Shangazi, mwenye jiko, alicheka kuliko sote, akajifuta machozi kwa kanga. Kisha Kifungu akafungua ukurasa uliofuata.

"'Kwa hiyo kona hiyo ni hatari daraja la kwanza. Biashara zote ziondolewe kabla ya msimu wa mvua.'"

Shangazi akaweka birika chini. Miaka tisa yuko kwenye kona ile, na wanawe wawili wamesoma kwa birika lile lile.

"Yaani nahamishwa na mlango wa choo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Maoni yanapokelewa mpaka leo," Kifungu akasema. "Afisa wa mkoa anapita mwenyewe kuhakiki, saa nne."

"Saa tatu na nusu hii," Kinyozi akaruka. "Sikilizeni. Maji yalifika kifundoni. Basi. Kilo, sema."

"Yalifika kifu... gotini."

"Kifundoni."

"Kiunoni, lakini cha mtoto."

"Kilo!"

"Niacheni kidogo, jamani. Ukweli ghafla hivi unaumiza."

Afisa akaja, mama wa makamo mwenye buti za mvua na rula ndefu ya chuma. Akatazama kibao cha Kinyozi, akatazama barabara, akatutazama sisi.

"Aliyeelea ni nani?"

Kilo akainua mkono. Nadhani maisha yake yote alikuwa akilisubiri swali lile. "Mimi. Ila sikuelea."

"Maji yalifika wapi?"

Jasho lilimtiririka. "Kifundoni."

Tukashusha pumzi.

"Kifundoni mwa twiga."

Kinyozi akajifunika uso kwa taulo la mteja.

"Sasa niandike lipi?" Afisa akauliza. "Siku ile mliapa, leo mnaapa."

"Siku ile tulikuwa tunapiga soga, mheshimiwa," nikasema.

"Fomu haina sehemu ya soga."

Shangazi aliinuka, akasogeza dumu la maji lililoegemea ukuta nyuma ya jiko. Ukutani palikuwa na mistari ya mkaa, kila mmoja na tarehe yake. Tumekaa hapo miaka tisa, na hatukuwahi kujua mle nyuma mna nini.

"Kila mvua kubwa nachora maji yalipoishia," alisema, "nijue jiko nilipandishe tofali ngapi."

Afisa akachuchumaa na rula yake. "Mwaka jana, sentimita kumi na moja. Huu wa juu?"

"Thelathini na mbili. Huo ni mwaka mliokarabati ofisi yenu, kifusi mkakimwaga kwenye mtaro wangu."

Afisa akajishughulisha kupangusa tope kwenye buti. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kama aliyeokota kitu. "Mama, miezi minane mkoa mzima tunatafuta takwimu za namna hii."

"Miezi minane nipo hapa nachemsha kahawa," Shangazi akamjibu, akammiminia kikombe.

Afisa akaufuta ukurasa wa thelathini na moja na ule uliofuata kwa kalamu nyekundu, pale pale juu ya benchi. Akaandika: mtaro uzibuliwe, jiko libaki, ukuta uwe kipimo cha maji cha mkoa, na msomaji wake awe Shangazi. Shangazi akaomba aandikiwe kwa herufi kubwa. Sisi tukapiga makofi, mamba akafutwa. Kisha Afisa akaongeza mstari pembeni, na Kifungu, kwa ugonjwa wake wa kuchungulia, akausoma kwa sauti: "'Mkazi wa mlango wa choo asihojiwe tena.'"

Tukamtazama Kilo kwa huruma. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Mnaelewa lakini?" alisema mwishowe. "Watu wote wa mkoa huu, aliyewekewa mstari wake peke yake ni mimi."

Akaondoka kifua mbele. Nilipokwenda kunyoa mchana nilimkuta kwa Kinyozi, anamwambia mteja kwamba mkakati umemtaja mara nne, na kwamba Afisa alipofika kwenye habari ya mbuzi, wote watano, alilia.